Herufi za Mwanzo na Maana katika Maneno ya Kiingereza

Mwenye kufungua kamusi ya Kiingereza penye herufi sn hukuta jambo la kustaajabisha: "snore" ni kukoroma, "sniff" ni kunusa, "snout" ni pua ya mnyama, na "snot" ni kamasi. Yote ni mambo ya pua. Akifungua penye gl, atakuta "gleam", "glow" na "glitter", yote yahusuyo mwanga. Je, herufi hizo zina maana zenyewe, au ni sadfa tu?

Swali hili ni la zamani. John Wallis, profesa wa jiometria katika Oxford, alilijadili katika sarufi yake ya Kiingereza, aliyoiandika kwa Kilatini na kuitoa kwanza mwaka 1653. Aliona ya kuwa wr huonyesha kupinda, kama katika "wring", yaani kusongoa, na "wrestle", kupigana mieleka. Kinyume chake, masomo ya Ferdinand de Saussure, yaliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, yalishikilia ya kuwa sauti na maana hazina kifungo cha asili. Mwaka 1930 J. R. Firth alizipa herufi za namna hii jina la fonestimu, akasema ya kuwa nguvu yake yatokana na mazoea ya wasemaji, wala si sauti yenyewe.

Yafaa tutofautishe fonestimu na kiambishi. Katika "kitoto", tukiondoa ki- hubaki shina -toto, lenye maana yake. Katika "glow", tukiondoa gl hubaki mabaki yasiyo na maana yoyote. Tena kanuni hii haiwashiki wote: "snow" ni theluji, "snail" ni konokono, na "glove" ni mfuko wa mkono.

Wengine watajibu ya kuwa maneno hayo ni ndugu wa mzizi mmoja. Ni kweli kwa baadhi yake. "Wring" na "wrong" ni wa ukoo mmoja. Lakini undugu hautoshi kueleza yote. Neno "sneeze", kupiga chafya, katika Kiingereza cha kale lilianza kwa fn, si kwa sn. Mfuatano huo wa fn ulipotoweka katika lugha, neno likaja kuanza kwa sn, likaketi pamoja na maneno ya pua. Hakuzaliwa humo, alihamia. Na mwaka 2004 Benjamin Bergen alionyesha kwa majaribio, katika jarida la Language, ya kuwa msomaji hulitambua neno kama "glow" upesi zaidi akitangulia kuona "glitter". Basi kundi hili limo akilini mwa wasemaji, si katika kamusi tu.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kupata mfano wa uhamiaji. "Kitabu" ni neno la Kiarabu, na ki yake ni sehemu ya mzizi. Hata hivyo twasema "vitabu", kana kwamba ki hiyo ni kiambishi chetu. Huko sarufi ndiyo iliyovuta. Katika "sneeze", yaelekea ni maana. Kwa hiyo mtafiti wa asili za maneno asihukumu undugu kwa kutazama mwanzo wa neno. Mwanzo huo waweza kuwa urithi, na waweza kuwa vazi lililovaliwa baadaye. Ni historia ya kila neno peke yake itakayotuamulia.