Utafiti wa afya ya akili Migori na Homa Bay: Nani hulipa, nani huchagua swali?

KAUNTI za Migori na Homa Bay si ngeni kwa watafiti wa afya. Kilichowaleta ni Ukimwi. Uchunguzi uliofanywa Ndhiwa, Homa Bay, mwaka 2012 na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi hivyo.

Fedha zilifuata virusi, na afya ya akili ikaingia kwa mlango huo huo. Sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, ilipimwa hasa kwa sababu mgonjwa aliyekata tamaa huacha kumeza dawa.

Mfano mzuri ni utafiti wa Shamba Maisha, ulioendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (Kemri) pamoja na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kuanzia mwaka 2016. Ulishirikisha zaidi ya wagonjwa 700 katika vituo 16 vya afya vya Kisumu, Homa Bay na Migori. Katika nusu ya vituo hivyo, wagonjwa walipewa mkopo, pampu ya kumwagilia maji na mafunzo ya kilimo. Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya Marekani ndiyo iliyogharamia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Njaa ilipungua na dalili za sonona zikapungua miongoni mwa waliopewa pampu. Lakini swali kuu lilihusu wingi wa virusi mwilini, na hapo makundi mawili hayakutofautiana.

Basi tuseme utafiti huo ulifaulu au ulifeli? Kwa kipimo cha virusi, haukufikia lengo. Kwa kipimo cha akili na tumbo, ulileta nafuu ya kweli. Anayeamua kipimo kipi kitangulie ndiye anayeamua jibu litakalosikika.

Vipaumbele vya dunia
Mwaka 2011 wataalamu 422 walitoa orodha ya masuala 25 makuu ya utafiti wa afya ya akili ulimwenguni. Orodha hiyo ina manufaa, ila haiwezi kujua ya kila kijiji.

Nyatike, Migori, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, madini yanayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Katika fuo za Homa Bay, baadhi ya wanawake wachuuzi hulazimika kutoa miili yao ili wapate samaki, desturi iitwayo jaboya. Haya yanaiathiri vipi akili? Maswali kama hayo yanahitaji mfadhili mwenye sababu ya kuyauliza.

Mfuko wa nyumbani
Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliahidi Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Ahadi hiyo haijatimizwa. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yakazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo na kuzitengea fedha.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada mingi ya kigeni, na Mei mwaka huo taasisi zake za afya zikatangaza kuacha kutoa ruzuku mpya za utafiti zinazopitishiwa vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa ng'ambo. Huo ndio mfereji uliozoea kufikisha fedha za utafiti katika ukanda wa ziwa.

Kaunti haziwezi kujaza pengo hilo zenyewe. Hata hivyo, zinaweza kuandika maswali yao kabla ya mgeni kubisha hodi. Mpango wa maendeleo wa kila kaunti wa miaka mitano, unaoishia 2027, lazima ufuatwe na mwingine, na Katiba inataka wananchi washirikishwe kuuandaa. Mchimbaji wa Nyatike, mchuuzi wa samaki na muuguzi wa zahanati wana haki ya kufika katika vikao hivyo na kueleza kinachowakosesha usingizi. Likishaandikwa katika mpango, mfadhili yeyote ajaye atalikuta mezani.