Maziwe: Historia ya Mahali Pasipo Jiwe

Historia aghalabu hutafutwa palipo na kuta. Mwanafunzi akitumwa Kilwa huonyeshwa msikiti mkuu. Akitumwa Pangani huonyeshwa Boma, na husimuliwa habari za Bushiri bin Salim, aliyeanza vita juu ya Wajerumani mwaka 1888, akanyongwa katika mji huo huo mwezi wa Disemba 1889. Hapana ubaya katika desturi hii, walakini ina upungufu mmoja: hutuzoeza kudhani kuwa mahali pasipo jiwe wala hati hapana historia. Katika makala haya nataka kueleza mahali pa namna hiyo hasa, ambapo watu huenda kuogelea na kutazama samaki, kisha wengine hurudi wakisema hawakuona kitu ila mchanga na maji.

Mahali penyewe ni Maziwe, kadiri ya kilomita 8 kutoka pwani ya Ushongo, kusini ya mji wa Pangani. Maji yakipwa, fungu la mchanga mweupe huinuka katikati ya bahari. Maji ya bamvua yakijaa, fungu lote hufunikwa. Hapana nyumba, hapana kisima, hapana mti, wala hapana kivuli ila kile alichochukua mgeni mwenyewe. Apendaye kuzamia huvaa miwani ya maji na neli ya kupumulia, akaelea kifudifudi juu ya matumbawe. Hapo huona pono wakiguguna mwamba, changu wakipita makundi makundi, na pweza akibadili rangi yake mbele ya macho. Lakini furaha hiyo ina saa yake. Asiyeyahesabu maji hana pa kusimama.

Nilikwenda huko mara ya kwanza na kundi la wanafunzi wangu. Walipokwisha kuogelea, mmoja wao alimwuliza nahodha wetu kwa adabu: "Babu, kwa nini watu hupaita hapa kisiwa, na sisi tunaona fungu tu?" Mzee alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Mjukuu wangu, hapo ulipotandika nguo yako palikuwa na mivinje. Tulikuwa tukilala chini yake tukingoja upepo." Kijana aliitazama nguo yake, akaiondoa polepole, kama mtu aliyegundua kuwa ameketi juu ya kaburi.

Mzee alisema kweli. Maziwe ilikuwa kisiwa kamili, chenye miti na mimea ya pwani, na fukwe zake zilikuwa miongoni mwa mahali pakuu pa kasa kutagia mayai katika Afrika ya Mashariki. Kasa wa aina tatu walipanda hapo. Jambo hili si dogo kwa mwana historia. Mfanya biashara wa Kiyunani aliyeandika mwongozo wa safari za bahari hii, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alitaja magamba ya kasa kuwa moja katika bidhaa zilizotoka mji wa Rhapta, na kuyasifu kuwa ya pili baada ya yale ya Bara Hindi. Wataalamu hawajapatana juu ya mahali Rhapta ilipokuwa: wako waliosema Pangani, na wako waliosema karibu na mto Rufiji. Sidai, basi, kuwa Maziwe ilitajwa katika kitabu hicho. Nasema tu kwamba biashara iliyoifanya pwani yetu ijulikane ulimwenguni ilitegemea, pamoja na mambo mengine, fukwe tulivu za namna hii, ambako ng'amba aliweza kupanda usiku na kutaga kwa amani.

Mwaka 1975 serikali iliitangaza Maziwe kuwa eneo tengefu la bahari. Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Kabla ya miaka kumi kupita tangu tangazo lile, miti ilikuwa imekwisha, na kisiwa kilikuwa kikizama kila maji yalipojaa. Sheria ilifika, lakini ilikikuta kitu kilichohifadhiwa kimo njiani kuondoka.

Sababu ni nini? Ya kwanza inayotajwa ni kukatwa kwa mivinje. Mizizi ya mti huu huushika mchanga kama vidole. Ukiukata, mchanga huachiwa upepo na mawimbi. Ya pili ni hali ya mwamba. Katika miaka ya 1960 uvuvi wa baruti ulienea katika pwani ya Tanzania, na ijapokuwa ulikatazwa mwaka 1970, ulidumu kwa miongo mingi baadaye. Mwamba ni boma livunjalo nguvu za mawimbi. Tena mchanga wenyewe ni mtoto wa mwamba, kwani sehemu yake hutokana na matumbawe yaliyosagwa, mengine na bahari, mengine kwa meno ya pono. Avunjaye mwamba huivunja ngome na kiwanda kwa pigo moja. Ya tatu ni bahari yenyewe, ambayo huhamisha mafungu kwa kusi na kaskazi bila kumwomba mtu ruhusa. Nionavyo mimi, si haki kuitwika sababu moja mzigo wote. Lakini katika sababu hizi tatu, mbili za kwanza zilikuwa mikononi mwetu.

Kasa hawakupata habari ya msiba huu. Huendelea kulipanda fungu na kufukia mayai yao mahali ambapo bamvua ijayo itayazamisha. Kwa sababu hiyo watu wa Ushongo wamejifunza kuyafukua mayai hayo kwa uangalifu na kuyazika tena katika ufuko wa bara, ambako huanguliwa baada ya kadiri ya miezi miwili. Wako wageni ambao hushuhudia vitoto vikitambaa kuelekea majini, nao hushangilia. Sina neno juu ya furaha yao. Lakini ajuaye historia huona pia kwamba kazi iliyofanywa zamani na kisiwa, bila ujira, leo hufanywa na binadamu kwa ndoo na mikono.

Tulipokuwa tukiondoka, maji yalikuwa yamekwisha kuifuta alama ya nyayo zetu. Yule kijana aliniuliza ataandika nini katika daftari lake, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuchora. Nilimwambia aandike jina la mti, mwaka wa sheria, na maneno ya mzee. Na chini yake aandike saa ya maji. Kwa maana hati ya mahali kama Maziwe imo katika vifua vya wazee waliolala chini ya mivinje, na wao pia wana saa yao. Tusipowauliza sasa, kisiwa kitazama mara ya pili.