Jina la Mvuvi pale Embu

Ukifika Embu, mji wa Mto Rupingazi, utaiona Izaak Walton, hoteli kongwe ya enzi za ukoloni. Wazungu waliovua trauti kwenye mito ya Mlima Kenya waliipa jina la mvuvi mwenzao. Alikuwa nani?

Mwingereza aliyezika watoto wote saba aliozaa na mke wake wa kwanza, pamoja na mama yao. Mwaka 1642 nchi yake ikaingia vitani. Lakini kitabu chake cha uvuvi cha 1653, alichokiongeza hadi uzeeni, kinafungwa kwa 1 Wathesalonike 4:11, andiko linalotuhimiza kutulia.

Wewe uliyezika, usingoje shida ziishe ndipo utulie. Tulia leo mbele za Bwana. Amina.