Picha ya Theluji Iandikwe Tarehe

Kutoka Feri hadi Kariakoo ni vigumu kukosa picha ya Mlima Kilimanjaro: mara ukutani dukani, mara kwenye kalenda. Tumeizoea mno hata hatuulizi ilipigwa lini.

Swali hilo lina uzito. Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliiona theluji ile kwa macho yake. Huko London, William Cooley, mjuzi wa jiografia ya Afrika asiyepata kufika huku, akambeza. Rebmann alikuwa na neno lake tu. Picha hakuwa nayo.

Mwaka 1912 wakapanda Wajerumani wengine, Fritz Klute na Eduard Oehler. Kazi yao haikuwa ya haraka. Walihama kituo hadi kituo wakiupiga picha mlima ule ule na kuchukua vipimo, hata ikapatikana ramani ya barafu yote. Kutokana na ramani hiyo tunajua kwamba wakati ule barafu ilifunika karibu kilometa za mraba 12. Ilipopimwa mwaka 2011, hazikufika hata 2.

Bila ya subira ya wale wawili, wazee wa Moshi wangesema barafu imepungua, na Cooley mwingine angewabeza.

Basi, mwenye simu anayepita Moshi alfajiri na kuukuta mlima hauna mawingu, asimame. Apige picha, kisha aandike siku, mwaka na mahali aliposimama. Picha isiyo na tarehe ni pambo tu. Wajukuu zetu hawataweza kupimia kitu.