Kuandika na Kuajiri: Vitenzi Viwili katika Mashamba ya Mkonge ya Korogwe na Handeni

Pale mtu anapopewa kazi, Waswahili husema ameandikwa au ameajiriwa. Vitenzi hivi huchukuliwa kuwa sawa, ingawa asili zake ni mbalimbali. ‘Kuajiri’ kimetokana na Kiarabu, katika mzizi uliozaa pia ‘ujira’. Kiini chake ni malipo. ‘Kuandika’ ni cha Kibantu, na maana yake pana ni kupanga: chakula huandikwa mezani, maneno huandikwa karatasini. Anayeandikwa kazi huwekwa katika orodha.

Historia ya mkonge yaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Mmea huo uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba makubwa yakahitaji watu wengi kuliko waliopatikana jirani, kwani Wazigua wa Handeni na Wasambaa wa Korogwe walikuwa na mashamba yao ya kulima. Ndipo wakaletwa watu wa mbali, kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Tangu mwaka 1944 kazi ya kuwaandika ilifanywa na SILABU, chombo cha wenye mashamba. Kila aliyeandikwa alipewa namba, na jina lao likawa ‘manamba’.

Malipo yalifuata kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi zilizopaswa kukamilishwa ndani ya siku 42. Mkataji asiyemaliza kiasi alichopangiwa hakuandikiwa siku yake, na siku isiyoandikwa haikuwa na ujira. Hapo vitenzi viwili vilikutana: kuandikwa kulikuwa sharti la kulipwa, na kalamu ilikuwa mkononi mwa msimamizi. Hata ‘kibarua’ asili yake ni barua ndogo, cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kudai haki yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilichukua jina lake katika mzizi wa ujira. Hata hivyo, haikuiacha kalamu: humtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Maandishi yaliyokuwa kumbukumbu ya bwana shamba juu ya manamba yamekuwa pia ushahidi wa mfanyakazi mbele ya mwajiri. Asiyeandikiwa chochote, ujira wake ungali neno la mdomo.