Weupe Ulioitwa Baridi: Tulichojifunza kwa Wasafiri wa Rabai



Kamati ya yubile ilitupa kazi ya kuandika ukurasa wa historia. Majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya na kanda tulizorekodi mtayakuta kwingine katika kijitabu hiki. Sisi tumerudi nyuma zaidi, kwa sababu ya swali lililoulizwa katika kikao kimoja cha maandalizi. Ndugu mmoja wa sauti ya nne alisimama akasema, "Miaka 50 tumechanga nauli, tumelala kwenye sakafu za madarasa, tumeimba masokoni. Kuna mahali tuliimba siku tatu na hakuna hata mmoja aliyeokoka. Safari hizi zimezaa nini?" Kikao kilinyamaza. Hakuna aliyemkemea, maana wengi wetu tumewahi kujiuliza hivyo hivyo tukiwa njiani kurudi nyumbani.

Jibu tumelitafuta Rabai, kule nyuma ya Mombasa, kwa watu waliotembea na Injili katika nchi hii kabla yetu.

Kaburi kabla ya kanisa

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamchukua mama, na baada ya muda mfupi mtoto naye akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Badala ya kuomba arudishwe kwao, Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi imeanza.

Mwaka huo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia katika lugha alikuwa kadhi wa Mombasa. Tunalitaja hili kwa makusudi. Neno la Mungu lilipoanza kuandikwa kwa lugha tunayoimba leo, Mwislamu alikuwa ameketi mezani kama mwalimu, na Mkristo alikuwa mwanafunzi.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Tarehe 25 Agosti walipanda kwenda kukaa Rabai, wote wawili wakiwa na homa. Wazee wa Rabai waliwapokea wageni wale wasio na askari wala nguvu, wakawapa mahali pa kukaa.

Weupe kati ya Taita na Taveta

Mwezi Aprili 1848 Rebmann alianza safari ya kwenda Uchagani. Kiongozi wake wa njia alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara, na pamoja nao walikuwapo wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei, wakiwa katika nyika kuelekea Taveta, mnamo saa nne asubuhi, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake. Yeye akamjibu kwamba pale kweli kuna wingu, lakini ule weupe mwingine hajui ni nini, ila anadhani ni baridi.

Rebmann alizaliwa Ujerumani kusini, na theluji aliijua tangu utotoni. Alitambua mara moja anachokiona. Walipoketi kupumzika alifungua Biblia akasoma Zaburi ya 111, ile inayosifu matendo makuu ya Bwana. Kwaya yetu imeimba juu ya milima mara nyingi sana. Siku ile Zaburi ilisomwa na mlima wenyewe ukiwa mbele ya macho.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Krapf. Alikwenda Ukambani, na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, akampokea Kitui na kumsimulia habari za mlima wenye weupe upande wa kaskazini. Kwa siku kadhaa mawingu yaliufunika. Tarehe 3 Desemba 1849 yakafunguka, naye akaona vilele viwili kama pembe, vyeupe. Jina alilolisikia kwa Wakamba, akaliandika kama alivyolisikia, ndilo leo jina la nchi yetu.

Safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, iliishia kwa msiba. Wakielekea mto Tana walivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake porini. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Sisi tunaolalamika basi likichelewa saa moja tuikumbuke mitutu hiyo.

Waliobishiwa

Habari za theluji karibu na ikweta zilipochapishwa London, wengine walizipokea kwa dhihaka. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, aliandika kwamba macho ya wamisionari yamewadanganya. Ukweli wa Rebmann ulithibitishwa mapema miaka ya 1860, wasafiri wengine walipofika Kilimanjaro wakauona mlima kwa karibu. Krapf alifariki mwaka 1881. Joseph Thomson aliuona Mlima Kenya mwaka 1883 na kuthibitisha maneno yake, miaka miwili baada ya mwenyewe kuzikwa.

Na mavuno ya roho je? Hapa ndipo swali la ndugu yetu linapogusa mfupa. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853 afya ikiwa imevunjika. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai, mwaka 1851, alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa kitandani akikaribia kufa. Hebu fikirini, wapendwa. Miaka 7 ya kazi, kaburi la mke na mtoto, na tunda la kwanza ni mgonjwa mmoja ambaye hakuishi hata kuwaongoza wengine. Rebmann alikaa hadi mwaka 1875, miaka 29 tangu afike. Alimzika mkewe huku, akapofuka macho, akarudi kwao akiwa na waongofu wa kuhesabika. Mwaka uliofuata akafariki.

Kama ripoti ya miaka ile ingeletwa kwenye kikao chetu, tungeifuta safari ya Rabai kwenye bajeti.

Lakini Krapf alikuwa amechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka 1882, naye hayupo tena. Wote waliokuja baadaye kutafsiri, kufundisha na kutunga nyimbo walikuta mahali pa kuanzia. Wavunaji hawakuwa wale waliopanda.

Wasioandikwa

Tulipotembelea Rabai mwaka jana na kuziona nyumba za wamisionari hao, mama mmoja wa sauti ya pili aliuliza, "Na wale waliobeba mizigo, waliitwa nani?" Bwana Kheri tunalo jina lake. Kivoi na Mringe pia. Wapagazi hatuna. Walitembea njia ile ile, wakaona weupe ule ule, na huenda walikuwa wameuona mara nyingi kabla ya Rebmann, lakini hawakuwa na daftari.

Kwaya yetu pia ina wapagazi wake: waliopika usiku ili wengine wapande gari alfajiri, waliouza kuku kupata nauli, waliobeba ngoma kichwani gari lilipokwama kwenye matope. Wengine wamelala makaburini na majina yao hayamo katika daftari lolote la kwaya. Mkisoma orodha za yubile hii, jueni kwamba hazikukamilika.

Mlima na yubile

Kuna jambo moja la mwisho. Weupe ule uliowafanya watu wabishane unaondoka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba barafu ya Kilimanjaro na Rwenzori inaweza kuisha kabisa katika miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya karibu miaka 10 mapema zaidi. Zamani mtu aliulizwa na wazungu kama kweli aliiona theluji. Kesho huenda wajukuu wetu watatuuliza sisi swali hilo hilo.

Tumezoea kuichukulia yubile kuwa keki, sare mpya na tarumbeta. Walawi sura ya 25 inatuonyesha kwamba tarumbeta ya mwaka wa 50 ilipigwa pia kwa ajili ya ardhi: isipandwe, isivunwe, ipumzike, maana ni ya Bwana. Wazee wa Rabai walijua kitu kama hicho kwa namna yao. Misitu ya kaya zao waliilinda kwa mwiko, na mwaka 2008 kaya za Wamijikenda, za Rabai zikiwemo, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia. Hatuwezi kuimba juu ya milima na chemchemi huku tukikata miti ya kijito kilicho nyuma ya kanisa letu.

Basi, ndugu wa sauti ya nne, jibu letu ni hili. Safari zimezaa nini hatuwezi kukuambia kwa hesabu. Rebmann naye asingeweza. Tunachojua ni kwamba yeye alitembea, akaona, akasema alichokiona, na hakubadilisha maneno alipochekwa. Mwezi ujao tunakwenda tena pale tulipoimba siku tatu bila jibu. Nauli itachangwa kama kawaida, na safari hii tutabeba pia miche.

Kwa Mungu utukufu.