Kulinganisha saa za mikutano (Morogoro)

Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, iko saa 3 mbele ya saa za dunia (UTC) mwaka mzima. Ubelgiji, alikozaliwa mwanzilishi wa APOPO, shirika linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini mjini hapa, husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha ile ya Oktoba. Mkutano wa saa 8 mchana Morogoro huangukia 13:00 Antwerp, Ubelgiji, mwezi Julai, lakini 12:00 Januari.

Hatari kubwa zaidi ni hesabu ya Kiswahili inayoanza alfajiri: “saa 3” bila “asubuhi” huweza kumfikisha mgeni saa sita kabla au baada ya wakati. Mwaliko mzuri huandika yote mawili: saa 3 asubuhi (09:00).